Meza ya Wachezaji Tisa

Mwezi uliopita tuliwakuta wanafunzi wetu wanne nyuma ya darasa, chini ya mwembe, wakicheza karata kwa fedha. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuweka chini nusu ya minervali aliyopewa na baba yake. Tulizichukua karata, tukamrudishia kila mmoja fedha yake, tukawaonya kwa sauti kubwa ya kwamba karata ni kazi ya shetani. Tulidhani ya kuwa neno limekwisha.

Jioni yule mwenye minervali akaja nyumbani kwetu. Alipiga hodi kwa adabu, akaketi, akatoa mfukoni telefone ya kaka yake. «Mwalimu, usikasirike. Umtazame mtu huyu, kisha utuambie shetani yuko wapi.»

Basi tukatazama. Ilikuwa filamu ya mashindano ya karata yaliyofanyika Las Vegas, katika nchi ya Marekani, mwezi wa Mei 2003, katika nyumba ya michezo iitwayo Binion's Horseshoe. Mashindano hayo, ambayo yalianza mwaka 1970, ni ya mchezo wa poka. Kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa, asizoziona mwingine. Katikati ya meza huwekwa karata tano za wote: kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila mara wachezaji huweka vipande vya rangi vilivyo badala ya fedha. Na mwenye kutaka aweza kusukuma vyote mara moja. Aliyekwisha vipande vyake huinuka, hupeana mikono na wenziwe, huenda zake. Mwaka ule walianza watu 839. Siku ya mwisho walibaki tisa kwenye meza moja.

Mmoja wa hao tisa alikuwa kijana wa miaka 27, karani wa hesabu kutoka Tennessee, jina lake Chris Moneymaker. Kiti cha mashindano kilikuwa na bei ya dolari 10,000, lakini yeye alikipata kwa kushinda mchezo mdogo katika intaneti, ambao alikuwa amelipa chini ya dolari 100 kuuingia. Hakuwa amecheza mashindano ya namna ile uso kwa uso hata siku moja. Wenziwe wakatoka mmoja mmoja, hata wakabaki wawili: yeye na Sam Farha, mzaliwa wa Lebanoni, fundi wa karata wa miaka mingi, mwenye sigara mdomoni isiyowashwa.

Ndipo likaja jambo alilotaka mwanafunzi wetu tulione. Karata tano zote zilikuwa zimekwisha kuwekwa. Moneymaker alishika mfalme na saba, ambazo hazikupatana na kitu chochote mezani. Farha alikuwa na tisa mbili. Sisi watazamaji tuliziona karata zao, kwa kuwa kamera ndogo ziliwekwa ukingoni mwa meza. Wao wenyewe hawakuonana. Moneymaker akasukuma vipande vyake vyote katikati, akanyamaza, uso kama jiwe. Farha akamtazama, akafikiri, akamtazama tena. Mwishowe akazitupa karata zake, naye ndiye aliyekuwa na zilizo bora. Baadaye kidogo Moneymaker alipata tano tatu na nne mbili, mchezo ukaisha. Yeye alipewa dolari 2,500,000, na Farha 1,300,000.

«Mwalimu,» akasema kijana, «alidanganya kwa uso wake, akapewa mali. Hakuiba. Hakuna aliyemshitaki. Dhambi iko wapi?»

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi siku ya tatu.

Usiku ule tulifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992. Tuliona haya kidogo, kwa maana haisemi kama tulivyosema chini ya mwembe. Yafundisha ya kuwa michezo ya bahati haiko kinyume cha haki kwa yenyewe. Huwa mibaya inapomnyang'anya mtu kile kinachompasa kwa riziki yake na ya wale anaowatunza.

Tukachukua tena kalamu tukafanya hesabu. Watu 839, kila kiti dolari 10,000, jumla 8,390,000. Zilizogawiwa kwa washindi ni 7,802,700. Zilizobaki, 587,300, hazikurudi kwa wachezaji. Waliopata cho chote ni watu 63. Watu 776 walirudi kwao mikono mitupu. Filamu haiwaonyeshi hao. Mwaka uliofuata walikuja 2,576, na mwaka 2023 walifika 10,043, maana wengi walijisemea, «Karani yule alishinda, nami kwa nini nisishinde?»

Hesabu hiyo ni nzuri kwa ubao wa darasani. Lakini yaonyesha hasara tu. Haijibu swali la kijana. Jibu tulikuwa nalo mahali pengine, nasi hatukupenda kulitazama.

Mwaka tuliotoka seminari ndogo, Mama alitupa minervali ya mdogo wetu tuipeleke kwa mkurugenzi wa shule. Alikuwa ameipata kwa kuuza mihogo na mawese. Njiani tulipita kwa rafiki, tukakuta karata. Kabla ya jua kuchwa tulikuwa tumepoteza yote. Tulirudi nyumbani tukasema ya kwamba wezi wametupora sokoni. Mama alitutazama muda mrefu. Hatukupepesa jicho. Kisha akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa vitenge viwili akaenda kuviuza. Havikutosha. Mdogo wetu alikaa nyumbani muhula mzima.

Padri muungamishi alituamuru mambo mawili: kuirudisha fedha, na kusema kweli. La kwanza tulilitimiza kwa mishahara yetu mitatu ya mwanzo, tukaiita zawadi. La pili hatukulifanya kwa miaka mingi.

Hapo tukafahamu tofauti. Farha aliketi mezani kwa hiari yake. Aliijua sheria ya mchezo, ya kwamba mwenziwe ana ruhusa ya kuficha. Aliweka kilicho chake. Lakini Mama hakuketi kwenye meza yoyote. Hakujua kwamba kuna mchezo. Alikuwa mama anayemwuliza mtoto wake, nasi tulimwonyesha uso wa mchezaji. Wala fedha tuliyoiweka haikuwa yetu; ilikuwa ya mtoto aliyekuwa akingoja nyumbani na madaftari yake.

Jumapili baada ya Misa tulikwenda kwa Mama, tukamwambia yote. Alikuwa akichambua maharage. Hakuacha kuchambua. Akasema: «Nilijua, mwanangu. Mwizi wa sokoni hachukui fedha na kumwachia mtu mkoba wake mzima. Nilikuwa nikingoja useme mwenyewe.» Basi miaka yote ile tulijidhani washindi, kumbe Mama alikuwa ameziona karata zetu tangu jioni ya kwanza.

Kijana aliporudi tulimsimulia habari hii bila kuficha. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, «Na mdogo wako, Mwalimu, ulimrudishia nini?» Tulimjibu kweli: fedha ililipwa, lakini muhula haulipiki, na kwake pia tulikuwa bado kwenda. Tumekwenda.

Kesho yake kijana alipeleka minervali yote ofisini. Siku ya Jumamosi tuliwaita wale wanne, tukakiri mbele yao kwamba tulikosea kuziita karata kazi ya shetani, tukawarudishia. Sasa huzicheza kwa karanga, kama tulivyofanya seminarini, na anayeshinda huzigawa.

Ndugu wazazi, mtoto atakapowauliza juu ya watu wanaotajirika kwa karata au kwa kubahatisha matokeo ya mpira katika telefone, msikimbilie kupiga kelele kama sisi. Mwulizeni mambo mawili: fedha inayowekwa mezani ni ya nani, na je, wote watakaoumia wamekubali kuketi? Nanyi vijana, kama liko neno mlilomficha mama kwa uso mkavu, nendeni mkamwambie. Labda anajua, naye angali anangoja.