Mchezo wa Bunduki Nyumbani Kwetu

Tangu watoto wetu walipoanza kutembea tulikuwa na sheria moja nyumbani: mtoto asimwelekezee mwenzake kijiti na kusema "Pa!" Mahali pengine jambo hilo ni la kuchekesha tu. Hapa Goma mlio wenyewe tunaujua. Tuliusikia mwaka 2012, M23 walipoingia mjini mara ya kwanza, tukausikia tena siku zile za mwisho wa Januari 2025, tulipolala sakafuni chini ya madirisha. Kwa hiyo jioni ile mtoto wa kaka yetu alipofika na mashine ya PlayStation mfukoni mwa shule, aliyoazimwa na rafiki yake wa Himbi pamoja na mchezo wa vita, neno letu la kwanza lilikuwa moja tu: "Rudisha."

Hakubishana. Alisema kwa upole, "Baba mdogo, tafadhali tazama kwanza. Ukikataa baada ya kutazama, nitairudisha kesho."

Hapo alitushinda, kwa kuwa sisi wenyewe darasani huwakataza wanafunzi kukihukumu kitabu wasichokisoma. Basi tukaketi. Tumeketi jioni nne sasa, umeme ulipokuwapo, wala hatujafika hata nusu. Hivyo haya ni ya mwanzo tu, yaliyoonwa na mwalimu mzee asiyejua vifungo, na kijana anayemcheka.

Mchezo huitwa Metal Gear Solid V: The Phantom Pain. Uliundwa Japani na watu wa kampuni ya Konami, kiongozi wao akiwa Hideo Kojima, ukatoka mwaka 2015. Mchezaji humwona mtu wake kwa mgongo, kama umwonavyo mtu unayemfuata njiani. Si kama michezo ile mingine ambayo huoni ila mikono na mtutu. Mambo yenyewe yamewekwa mwaka 1984. Mtu huyo ni askari wa kukodiwa. Azinduka hospitalini Kupro baada ya kulala miaka tisa bila fahamu, na mkono wake wa kushoto haupo. Mwanzo hawezi hata kusimama. Hutambaa sakafuni huku wauaji wakipita chumba hata chumba, nasi tukatambaa naye muda mrefu, vidole vikitutoka jasho. Kijana alituuliza kwa nini tumenyamaza. Tulikuwa tunaikumbuka sakafu yetu wenyewe.

Tulidhani mchezo wa bunduki ni kupiga risasi tangu asubuhi hata jioni. Sivyo kabisa. Mtu wako ana kambi yake baharini, upande wa Shelisheli, naye huikuza kidogo kidogo. Kila askari wake ana madaraja ya herufi kama ripoti ya shule, huyu hodari wa kuganga, yule wa kutengeneza silaha. Na jinsi wanavyopatikana ndiyo kichekesho. Adui hupigwa sindano ya usingizi, akafungwa puto mgongoni, akapaa mbinguni akipiga makelele, na baadaye unamkuta kambini akikupigia saluti! Tulicheka hata shemeji akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tena apitaye bila kuonekana na bila kuua hupata alama nyingi zaidi, na apendaye kuua huota pembe: kipande cha chuma kilichoingia katika paji la uso wake hurefuka kadiri ya ubaya wake. Bunduki za kuua zimo tele, tusidanganyane, na mtoto mwenye haraka atazitumia. Lakini mwenye subira hufika mbali, jambo ambalo hatukulitazamia.

Baada ya milima ya Afuganistani, ambako maaskari ni Warusi, mchezo humhamisha mtu wako hadi mpaka wa Angola na Zaire. Kijana aliruka kitini. "Baba mdogo, tumefika kwetu!"

Tulimwambia kwamba kutoka Angola hadi Goma ni safari ya kuvuka nchi nzima, na kwamba udongo ule mwekundu si mawe yetu meusi ya Nyiragongo, yanayokata viatu. Hata hivyo tulisogeza kiti. Kituo kimoja huko huitwa Munoko ya Nioka. Sisi hatujui Kikongo, lakini ajuaye Lingala kidogo hukitambua kinywa, na nyoka ni nyoka popote. Walinzi husema lugha ya Makaburu, nawe huelewi neno mpaka umpate mkalimani. Hapo tulikubali kwamba waliotunga waliifikiri kazi yao.

Ila kitu kimoja kilitusumbua, na tulikaa saa nzima kabla ya kukitambua. Katika nchi ile yote hamna watu. Maaskari wamo, mbuzi wamo, nyumba zimo, lakini hatukumwona mama hata mmoja anayetoka shamba na mzigo wa kuni. Hatukuona mtu aliyebeba godoro kichwani. Vita tunavyovijua sisi hujaza barabara ya Sake kwa watu. Vilijaza Kanyaruchinya na Bulengo mahema hata mtu hakuona yanapoishia. Yule mtunzi wa Japani ameweka hata aina za ndege na majani, lakini wakimbizi amewasahau. Labda hakuwasahau. Labda aliona kwamba wakiwamo hakuna atakayeweza kucheza.

Watoto, lakini, aliwaweka.

Kuna kazi moja katika mgodi wa almasi uitwao Kungenga. Mwajiri ameagiza wafungwa fulani wauawe. Mtu wako anaingia, anafungua, na kumbe ni watoto. Hawauawi. Yakupasa kuwatoa mle ukipita katikati ya walinzi, na mmoja wao mguu wake mbovu, lazima abebwe mgongoni. Baadaye hukutana na watoto wengine wenye bunduki, nao hukufyatulia kweli. Wewe ukimwua mmoja wao, kazi yote huhesabiwa imeharibika papo hapo.

Kijana aliuliza kama sheria hiyo ipo duniani. Tukamwambia kwamba ipo sheria ya kuwalinda: Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa kule Hague mwaka 2012 kwa kuwatia vitani watoto wa chini ya miaka 15, akapewa miaka 14 ya kifungo.

"Na wengine waliofanya hivyo?"

Tukasema wapo waliohukumiwa, lakini si wote.

Akanyamaza, akaishika mashine mkononi kana kwamba anaipima uzito. Tulitaka kumweleza habari za koltani, kwamba tantalo itokayo humo hutiwa katika vipande vya umeme vya simu na vyombo kama hicho, na kwamba Rubaya, inakochimbwa, si mbali na kwao Masisi. Kumbe alijua kuliko sisi. Wapo aliosoma nao shule ya msingi walioacha daftari wakaenda kule kuchimba.

Hapa hatuna budi kusema neno tuliloliacha mwanzoni. Kijana huyu alikuja kwetu na mama yake mwaka 2023, walipokimbia Masisi. Walianza safari wakiwa watatu. Kaka yake, mwenye miaka 14 wakati ule, alichukuliwa njiani na watu wenye silaha, na hata leo hatuna habari. Shemeji ameuliza kila mahali wanapopokelewa watoto waliotoka vitani. Kijana mwenyewe huwa hamtaji.

Jioni ya nne ndiyo tuliyofika Kungenga. Tulizoea kumwona akikimbia katika mchezo huo, lakini alipombeba yule mwenye mguu mbovu alitembea polepole, akisimama kila mara kuhakikisha kwamba wengine wanafuata. Mara mbili alikamatwa na walinzi, mara mbili akaanza upya bila kunung'unika. Walipopanda helikopta wote alishusha pumzi. Ndipo watoto walipotaja jina la mwenzao ambaye hakuwapo, aliyekwisha kupelekwa mahali pengine. Jina lake Shabani, jina kama la watoto wa mtaani kwetu.

"Baba mdogo," akasema, "kesho tumtafute Shabani."

Yule rafiki yake wa Himbi alikwisha kuumaliza mchezo zamani. Siku ya kwanza alipokuja kutuonyesha namna ya kuunganisha nyaya, alituambia kando, mlangoni, kwamba Shabani hatoki kule akiwa hai.

Tulimtazama kijana. Alikuwa akikunja nyaya taratibu, moja moja, ili zisikatike, kwa kuwa mashine si yake. Tukamjibu kwamba kesho tutaona, umeme ukiwapo. Asubuhi yake hatukumwambia airudishe.