Harambee Si Diskaunti ya Bima

Wasee wa Kericho na Bomet, hii story tuiongee wazi. Mtu akigongwa na gari huku kwetu, nani hulipa hospitali kwanza? Si bima. Ni bonasi ya majani chai, ni SHA, ni M-Pesa za watu kwa grupu ya WhatsApp. Bima hukuja mwisho, tena imevaa suti.

Binamu yangu aligongwa na lori akiwa kwa boda. Bili ilifika 214,000. Tukachanga, ikaisha. Kisha jamaa wa bima ya hilo lori akamwambia shangazi, "Mama, si bili ilishalipwa? Sasa unadai nini?" Shangazi alikuwa karibu kusaini.

Hiyo ndiyo inaniudhi. Tulimchangia binamu, hatukumchangia mwenye lori. Mbona huruma ya majirani igeuke faida ya kampuni?

Na si swali jipya. Mwaka 1947 huko Ireland Kaskazini, kampuni ya reli ilitaka mchango uliotolewa na watu kwa majeruhi wa ajali ya treni upunguzwe kwenye fidia. Korti ikakataa.

Lakini tusidanganyane, hii si leseni ya kula mara mbili. Kama bili ililipwa na bima ya matibabu ya kibinafsi, mara nyingi mkataba unaipa haki ya kurudishiwa pesa yake kutoka kwa fidia. Zawadi na bima si kitu kimoja.

Pia, huruma haishindi kesi. Korti za Kenya hutaka gharama za hospitali zithibitishwe kwa risiti, moja baada ya nyingine. Screenshot ya mchango haitoshi. Kesi ya uzembe ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Na kwa jeraha la mtu mmoja, sheria inailazimisha bima ya gari kulipa hadi milioni 3 tu. Kwa hivyo usisaini karatasi yoyote kabla wakili hajaisoma.

Sasa swali gumu: pesa ikirudi, ni ya nani? Maoni yangu, ni ya aliyeumia. Yeye ndiye anatembea na vyuma mguuni. Lakini majina ya waliochanga yaandikwe kwa kitabu, na harambee ya jirani ikiitishwa, huyo awe wa kwanza kutuma.