Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Sadaka ya Agano

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kuhusu yule mhubiri anayewataka wasio na kazi wafunge agano na Mungu kwa sadaka ya laki tatu, na kwamba umeanza kufikiria mkopo wa simu. Ningekupigia, ila hili nataka ulisome umetulia, na Biblia mkononi.

Fungua Mwanzo 15. Abramu ni mzee, hana mtoto, na anamuuliza Mungu waziwazi atajuaje kwamba nchi aliyoahidiwa ataimiliki. Mungu hakumkasirikia. Alimwagiza alete ndama jike, mbuzi jike na kondoo dume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Abramu akawapasua wale wanyama katikati, akavipanga vipande vikitazamana; ndege hakuwapasua. Wakaja ndege wala mizoga, naye akawa anawafukuza. Napapenda sana hapo: baba wa imani anahangaika na ndege huku akimngoja Mungu.

Watu wa zamani zile walipofunga agano namna hiyo walipita kati ya vipande, maana yake nikivunja neno langu, yanipate yaliyompata mnyama huyu. Soma Yeremia 34 uone wakuu wa Yerusalemu waliopita kati ya vipande vya ndama, wakawaacha huru watumwa wao Waebrania, kisha wakawarudisha utumwani, na Mungu alivyowajibu. Basi Abramu naye ilimpasa apite. Hakupita. Alishikwa na usingizi mzito, na giza lilipoingia, tanuru la moshi na mwenge wa moto vikapita kati ya zile nyama. Mungu alijifunga mwenyewe, mzee amelala.

Hapo ndipo mimi na mhubiri wako tunapoachana. Yeye amemgeuza Mungu kuwa mwenye nyumba wa Dar es Salaam: kodi ya miezi sita kwanza, funguo baadaye.

Sisemi kwamba agano halidai kitu. Pale Sinai Waisraeli waliahidi kwa sauti moja kuyatenda yote, Musa akawanyunyizia damu, na haukupita muda wakawa wanamchezea ngoma ndama wa dhahabu. Lakini tazama kilichotangulia: walitolewa Misri kwanza, amri zikafuata. Paulo naye anawakumbusha Wagalatia kuwa torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, wala haikuitangua. Tunatii kwa kuwa tumekombolewa.

Umenitajia Hana, kwamba naye aliweka nadhiri akapata Samweli. Kweli. Ila nani alimpangia kiwango? Kuhani Eli alimwona akitikisa midomo akadhani amelewa! Nadhiri yake ilitoka moyoni mwake mwenyewe.

Na hayo maagano ya ukoo anayosema yamekufunga kwa sababu ya matambiko ya babu zako, jibu lake liko Yeremia 31. Waisraeli walikuwa na msemo kwamba baba akila zabibu chachu, meno ya mtoto ndiyo yanayokufa ganzi. Nabii akasema msemo huo utakoma, kila mtu atabeba uovu wake; na mara baada ya hapo ndipo anapotangaza agano jipya, sheria ikiandikwa mioyoni na dhambi zisikumbukwe tena. Usiku wa mwisho Yesu alishika kikombe akasema hilo agano jipya ni katika damu yake. Waliovunja agano ni sisi, na yaliyompata mnyama wa Abramu yakampata yeye. Ukishakunywa kikombe hicho, laki tatu inaongeza nini?

Sadaka toa, tena kwa furaha, kutoka kwenye ulichonacho. Mkopo usichukue. Kama ulishauchukua, niambie ni kiasi gani kabla riba haijapanda, tuone pa kupata. Huyo mhubiri usibishane naye mbele ya watu. Acha tu kwenda. Vyeti vyako nitumie nakala, kuna mtu wa hapa mjini anatafuta karani wa ghala. Mama yako sijamwambia kitu, wewe ndiye utakayemweleza.

Mjomba wako