Ficha transfoma, lakini mlango uache wazi

Najua nimekuwa kimya, zamu zimenibana kweli. Leo nina la kusema, hasa kwa kaka yangu anayejenga fremu za maduka hapo Morogoro. Alipoona picha nilizotuma aliniuliza, "Mbona majengo ya huko hayana mitambo? Umeme wanapata wapi?"

Kaka, mitambo ipo tele, imefichwa kwenye miti tu!

Hapa Houston, zunguka nyuma ya benki, duka au kliniki, utakuta kichaka kilichopogolewa vizuri. Chungulia ndani, kuna boksi kubwa la chuma la rangi ya kijani. Hiyo ndiyo transfoma. Kwenye majengo mengi haikai juu ya nguzo, inakaa chini kwenye zege na nyaya zinapita ardhini. Jirani yake kuna mashine za viyoyozi, mita ya gesi, pengine na jenereta. Miji mingi ya Marekani ina sheria kwamba vitu hivyo visionekane barabarani, kwa hiyo watu hupanda miti isiyopukutisha majani, vifichike mwaka mzima.

Inapendeza, sikatai. Ila ina masharti yake. Transfoma ina mlango upande mmoja, na kampuni za umeme kwa kawaida hutaka mbele ya mlango huo pawe wazi kama mita 3, na pembeni karibu mita 1. Fundi hufanya kazi umeme ukiwa bado ndani, anatumia fimbo ndefu isiyopitisha umeme, lazima apate nafasi ya kusimama mbali. Kiyoyozi nacho kinatupa joto nje. Ukikizungushia majani karibu karibu, kinavuta hewa ileile ya moto, kinahangaika, na bili inapanda.

Mtasema nesi na bustani wapi na wapi... Ninafanya kazi kliniki ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Mgonjwa anakaa kwenye mashine kama saa 4, mara 3 kwa wiki. Siku moja umeme ulikatika wagonjwa wakiwa kwenye mashine. Tukawarudishia damu yao kwa kuzungusha pampu kwa mkono, wote wakawa salama, namshukuru Mungu. Mafundi wa umeme walifika mapema tu, lakini vichaka vilikuwa vimeuziba mlango wa transfoma. Vilipandwa vikiwa miche midogo, vikakua, hakuna aliyevipunguza upande ule. Ikabidi mafundi waanze kufyeka kabla ya kugusa umeme. Mzee mmoja aliyekuwa amebakiza saa 2 aliniuliza, "Sasa nirudi lini, binti?" Jamani, maji na potasiamu mwilini havisubiri bustani.

Kwa hiyo kaka, ficha hiyo jenereta na mita, wateja watapenda. Lakini mti upime kwa ukubwa utakaofikia, sio kwa mche unaonunua. Upande wa mlango usipande kitu kabisa. Minyaa usiiguse, utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na fundi ndiye atakayeikata. Michongoma nayo ina miiba, mwonee huruma fundi wa watu. Jenereta ijengee ukuta wa matofali yenye matundu, hewa ipite, tena iwe mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Halafu mwambie kijana mmoja kazi yake iwe kupogoa upande ule wa mlango, mvua zikiisha kila mwaka. Akisahau, wewe mwenyewe chukua panga.

Haya, nisalimieni mama na shangazi, shemeji mwambieni picha za msingi bado nazisubiri. Tuombeane uzima.