Sahani Hazilazwi

Tulivuka mpaka wa Bunagana Juni 2022, M23 walipouteka mji. Mama alibeba beseni lenye sahani 6 za udongo. Jirani akamwuliza: "Mama, vita inakuja, weye unabeba masahani?" Akajibu: "Na mugeni nitamupa chakula mu nini?"

Njia yake ni hii. Sahani usizilaze, zisimamishe kwa ubavu. Ukizilaza, ya chini inabeba uzito wa zote, na shimo moja la barabara linatosha. Kati ya sahani na sahani tia kitenge. Vikombe vijaze nguo za watoto. Tikisa beseni: ukisikia mlio, ongeza nguo. Tena usilipandishe juu ya gari, lipakate.

Hivyo zilifika Nyakabande, zikafika Nakivale, na sasa ziko Kimaka, hapa Jinja. Mwaka jana zilienda Mbale kwa taksi, kwa njia ya Tirinyi, kwenye harusi ya dada yangu. Zilirudi zote 6.

Ndugu zetu wa mashirika, sahani za plastiki mnazotupa tunazishukuru. Lakini mkimwona mama anapanda lori na beseni, msilirushe juu ya magunia. Mwacheni alipakate. Mtu anayebeba sahani bado anategemea kupokea mgeni.