Kwa Mpwa Wangu Zuhura

Mpwa wangu Zuhura,

Goti la bibi yako limetulia, sasa anakwenda sokoni mwenyewe na hataki kuulizwa. Mdogo wako kanionyesha video ya lile kabati ulilomchorea mteja kwa SketchUp. Kazi safi, mwanangu. Ila unabonyeza mlango wa kushoto, unabonyeza wa kulia, kisha unahangaika kuitafuta droo. Mteja utampoteza hapo.

Mimi nimetoka kwenye randa na msumeno, kompyuta imenikuta mvi zimeshaingia. Lakini miaka yangu ya useremala huko Keko nimewaona wateja. Hawasomi vipimo. Mtu akifika mbele ya kabati, kabla hata ya kuuliza bei, anavuta mlango. Ndiyo maana nilifurahi toleo la 7 la SketchUp lilipotoka mwaka 2008 na vitu vinavyoitikia kidole.

Kama kitu ni kimoja, si kazi. Kwenye sifa yake ya onClick andika vitendo vyako ukivitenga kwa nukta mkato: ANIMATE("RotZ",0,90);SET("Material","white","yellow"). Mlango utazunguka na rangi itabadilika. Bonyeza tena, vinarudi.

Kabati zima ni habari nyingine, na hapa nataka unisikilize vizuri. Usimpe kila mlango amri yake. Lipe kabati lenyewe sifa moja, tuseme Wazi, na onClick yake iwe ANIMATE("Wazi",0,1). Kisha kwenye RotZ ya mlango wa kushoto andika =Kabati!Wazi*-90, na wa kulia =Kabati!Wazi*90. Namba ni moja, inapanda kutoka sifuri hadi moja, na milango yote miwili inaifuata. Mteja akitaka mlango wa tatu, unauunganisha na namba hiyohiyo bila kugusa mingine. Jina la kabati liandike vilevile kila mahali; herufi ikipotea, mlango hautikisiki. Na mhimili wa kila mlango uuweke penye bawaba, la sivyo utazunguka kama pangaboi. Hilo seremala hahitaji kufundishwa, wanaochorea mezani tu ndio husahau.

Sasa droo. Najua utatamani nayo itoke kwa bonyezo hilohilo. Hapana, Zuhura. Droo ikitoka wakati mlango ulio mbele yake bado haujafika nyuzi 90, huugonga mlango, na mteja mwenye jicho ataliona hilo kabla yako. Ipe bonyezo lake. Kwa bonyezo moja weka yale ambayo mkono huyafanya kwa pamoja, na kuivuta droo ni safari ya pili ya mkono.

Kabla ya kutuma faili, funga kila kitu, maana kabati hubaki vile ulivyoliacha. Na kitanda cha mteja kichore kwenye mchoro huohuo, kwa vipimo vyake halisi, tujue milango itafunguka au itakigonga. Nitumie Ijumaa nilione kabla ya mteja.

Mjomba wako