Je, Uingereza Kuna Theluji? Safari Yangu ya Disemba kwa Mdogo Wangu



Tangu nirudi safari, kila anayeingia dukani kuchukua nguo yake ananiuliza suali moja kabla hata hajaniuliza kama nguo iko tayari: "Enhe, theluji umeiona?" Wengine hawasubiri jawabu, wanataka picha. Nimeona bora niwajibu nyote hapa kwa pamoja, cherehani ipumzike kidogo.

Jawabu fupi: sikuiona. Nimekaa wiki tatu katika mji wa Portsmouth, kusini ya Uingereza, kuanzia katikati ya Disemba mpaka mwanzo wa Januari, na haikuanguka hata punje moja. Jawabu refu ndiyo makala hii, na nawaambia mapema kwamba theluji imo kidogo tu.

Mama yetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu. Yeye huu ni mwaka wake wa tisa Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, Allah amrehemu, na mdogo wangu hakuja. Hakuja kumuuguza, hakuja kumzika, hakuja hitma ya arubaini. Nyumbani maneno yakawa mengi. Wakasema Ulaya imemgeuza. Na mimi, Allah anisamehe, nilisema kuliko wote, kwa sababu ni mimi niliyefunga duka miezi minne kumgeuza mama kitandani, huku kwa mwenzangu zinakuja pesa kidogo na sauti ya nusu dakika kwenye simu: "Mie mzima, Dada, nipo kazini."

Kwa hiyo nilipojibana, nikashona sare za harusi mpaka macho yakauma, nikapata viza na tiketi, watu waliniona naenda kutembea. Moyoni mwangu nilikuwa naenda kumwambia maneno yake uso kwa uso. Kwenye begi nilitia kanga mbili za mama. Nilitaka azione, zimuume.

Binti yangu wa miaka minane yeye aliniagiza theluji, niitie kwenye chupa ya chai ili isiyeyuke njiani.

Sasa nije kwenye koti, maana mimi ni fundi na siwezi kuruka nguo. Nilijishonea mwenyewe. Nilinunua mahameli nzito, nikatia sponji katikati, nikapiga mishono ya miraba kama mfarishi. Uzito wake ulikuwa wa kubebwa na watu wawili. Mdogo wangu aliponipokea kituo cha mabasi alinitazama, akaniamkia, akanikumbatia, halafu akashindwa kujizuia: "Dada, hili koti au umekuja na godoro?" Tulicheka pale pale mbele za watu, na mimi nikakasirika kwamba nimecheka, maana sikuja kwa kucheka.

Godoro langu lilishindwa siku ya pili. Kule siku hiyo kulikuwa digrii 8, na mtu akisikia 8 anafikiri barafu. Siyo. Ardhi ilikuwa mbichi, majani ya kijani, na watu wanakimbia mazoezi na kaptura. Lakini upepo unatoka baharini na mvua nyembamba inayokuja ubavuni, siyo juu. Mahameli ikanywa maji, sponji ikanywa maji, nikarudi nyumbani nimebeba bahari. Kumbukeni sisi kwetu kipupwe kikiingia, usiku ukashuka digrii 22, tunatoa mablanketi!

Nikamuuliza mdogo wangu, mbona hakuna theluji na ramani inaonesha tuko juu kaskazini kabisa? Akaniambia nitazame dirishani. Portsmouth imejengwa kisiwani, kisiwa cha Portsea, kama sisi tu. Bahari inashika joto la kiangazi na kuliachia polepole, na wavuvi wetu wanalijua hili, kwamba usiku maji yana joto kuliko nchi kavu. Juu ya hayo, upepo wa Uingereza mara nyingi unatoka magharibi, unavuka bahari ya Atlantiki ambayo ina mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka mbali, upande wa Marekani. Ndiyo maana Kanada, ukienda sawa na London kwenye ramani, inaganda, na Uingereza inaloa tu. Wingu ambalo kwengine lingeshusha theluji, pale linashusha mvua.

Haina maana haianguki kabisa. Upepo ukigeuka ukatoka mashariki, mambo yanabadilika. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2018 ulikuja upepo wa namna hiyo na theluji ikafunga njia sehemu nyingi za nchi. Disemba ya 2010 pia ilikuwa ya theluji na baridi kali. Lakini ukikata tiketi kwenda kusini ya Uingereza kwa ajili ya theluji, umekata tiketi ya bahati nasibu. Anayeitaka kwa uhakika zaidi aende milima ya Uskochi, au aende Uswisi. Au, na hili lilinichekesha mwenyewe, apande Kilimanjaro, mita 5,895, karibu na mstari wa Ikweta. Theluji tunayo nchini mwetu na tunaifuata kwa ndege!

Kwa wanaojiandaa na safari, maneno ya fundi ni haya. Baridi haizuiwi na nguo nzito moja. Inazuiwa na hewa iliyokaa baina ya nguo na nguo. Vaa ya ndani inayobana mwili, juu yake sweta la sufi, juu kabisa koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia. Sufi hata ikipata unyevu inaendelea kukupa joto, pamba ikiloa inakuganda mwilini. Baibui la kitambaa chepesi livae juu ya sweta na suruali, kisha koti. Pindo lipandishe kidogo, vinginevyo litafagia matope. Mwavuli usinunue, wangu uligeuka nje ndani siku ya kwanza. Na makoti mazuri yamo kwenye mitumba Darajani, kwa bei ambayo kule hununui hata glavu.

Upande wa ibada, mchana wa Disemba kule ni mfupi mno. Jua linachomoza saa 2 asubuhi na ushei, linazama karibu na saa 10 jioni. Adhuhuri saa 6 na dakika 10, alasiri haijafika hata saa 8, na ishaa kabla ya saa 12. Ukisema ngoja nimalize hiki nitasali, sala imepita. Kwa udhu wa maji baridi, nilinunua khofu za ngozi nikapangusa juu yake, na kwa kuwa nilinuia kukaa zaidi ya siku 4, kwa madhehebu yetu ya Shafi nilihesabu kama mkaazi, usiku na mchana mmoja, siyo siku tatu za msafiri. Soksi nyembamba usizichukulie kuwa khofu, muulize shekhe wako kabla hujaondoka.

Na kubwa zaidi, deni la Ramadhani. Nilikuwa nadaiwa siku 7. Kule kutoka alfajiri mpaka magharibi hazifiki saa 10, na kiu huisikii. Mdogo wangu naye alikuwa anadaiwa, tukalipa pamoja. Ni katika funga hizo ndipo yalipotoka niliyoyafuata na ambayo sikuyafuata.

Usiku wa funga ya tatu niliamka kabla ya daku. Chumba changu kilikuwa na joto zuri, ile rejeta ya ukutani inavuma polepole. Nilipofungua mlango wa jiko nikahisi nimetoka nje. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti, kofia na glavu, anasoma Qur-ani kwenye simu, na moshi unamtoka mdomoni. Nikamuuliza, "Mbona umekaa na koti ndani?" Akasema hana usingizi. Nikagusa rejeta ya jikoni, baridi. Ya chumbani kwake, baridi. Alikuwa ameifunga nyumba nzima na kuacha joto chumbani kwangu tu.

Halafu nikaiona mita. Mimi nilidhani TUKUZA ni shida yetu sisi Unguja, kumbe na kule kuna nyumba unalipia kwanza ndipo uwashe. Ilikuwa imebakia paundi 3.

"Kila siku ndivyo unavyoishi?" nikamuuliza.

"Nikiwa peke yangu siwashi, Dada. Nalala na koti. Nimezoea."

Tukala daku bila ya maneno mengi. Siku ile, tulipofuturu saa 10, tende na uji wa pilipili manga niliopika mwenyewe, ndipo aliposema. Kwamba mama alipozidiwa, makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa yanasubiri majibu, na angetoka nchini asingerudi, na pesa za dawa za mama zilikuwa zinatoka kwenye kazi ile. Kwamba zile pesa nilizoziita kidogo zilikuwa ndiyo joto lake la mwezi mzima. Kwamba alikuwa anaingia kazini giza na kutoka giza, na wiki nyingine halioni jua kabisa. Simu zake zilikuwa fupi kwa sababu akiongea zaidi ya nusu dakika atalia, na hakutaka mama asikie. Siku ya mazishi alikuwa zamu. Alimkogesha mwanamke mzee wa Kiingereza, akamvisha, akamchana nywele, halafu akaingia chooni akajifungia.

"Nilimkogesha yule nikanuia namkogesha mama," aliniambia.

Mashoga zangu, mimi miaka miwili nimekaa na dhana juu ya ndugu yangu wa tumbo moja. Tunakatazwa dhana mbaya, tunasomeshwa tangu chuoni, na kila mmoja wetu anaijua aya. Lakini niliijua kwa ulimi. Sikuwahi hata mara moja kumuuliza, "Mdogo wangu, umelala vipi jana?" Nilimuuliza utatuma lini.

Nilimuomba radhi pale pale, futari haijaisha. Nikamwambia yote niliyoyasema nyuma yake, mbele ya nani na nani, maana radhi ya jumla jumla ni rahisi. Alinyamaza muda mrefu, nikaogopa. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Dada. Lakini na wao waambie." Hilo ndilo lililokuwa gumu, na nimelifanya. Jumaa ya kwanza niliyorudi nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa shangazi na mama wadogo, nikarudisha maneno yangu mwenyewe. Mmoja hakufurahi. Sikwenda kwa kumfurahisha.

Zile kanga za mama sikumpa kama nilivyokusudia. Koti lake la kazini lilikuwa zima nje, lakini bitana imechanika makwapani na mgongoni, uzi unaning'inia. Nikaifumua yote, nikakata bitana mpya kwa kanga ya mama, nikaishona kwa mkono siku mbili, yeye yuko kazini. Najua kanga ni pamba, joto lake dogo, nimeshawaambia hapo juu. Kwa hiyo nilitia sufi katikati. Alipolivaa alitia mikono mfukoni akasimama tu mbele ya kioo, hakusema kitu, akatoka akaenda zamu.

Ile kanga ya pili ameiweka bila ya kuifua.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka nje baada ya alfajiri na gari za jirani zote zilikuwa nyeupe. Moyo ukaruka, nikajua hatimaye. Mdogo wangu akacheka: siyo theluji, ni sakitu, unyevu wa hewani ulioganda usiku mbingu zikiwa wazi. Tukaikwangua kwenye kioo cha gari kwa kadi ya simu, nikaitia kwenye chupa ya chai kama nilivyoagizwa. Kwenye uwanja wa ndege walinitaka niyamwage maji, nikayamwaga. Binti yangu nimempa video, na kilio chake kilikuwa cha robo saa.

Basi mwenye ndugu nje, ukimaliza kusoma mpigie. Usimuulize theluji. Muulize kama ndani mna joto.

Allah awahifadhi ndugu zetu wote walio mbali, awarehemu mama zetu waliotangulia, na atusafishe nyoyo na dhana. Amin.

Wassalaam alaykum.